Kengele ya Rimu

Jumatano ya kwanza, saa moja na nusu,
Mwalimu Mkuu Apaikunda aligonga rimu la Fuso
linaloning'inia kwenye mgrivea,
mara tatu, kama siku zote,
na hakuna aliyekuja.
Mbuzi wa jirani aliinua kichwa,
akarudi kwenye majani yake.

Walimu sita tulikaa ofisini mbalimbali
kama watu waliogombana.
"Unampigia nani?" nikamuuliza.
Akafuta kutu viganjani kwa pindo la khanga:
"Nataka wajue nimefika."

Masika yakashuka Marangu. Ukungu ukalala migombani
siku tatu bila kuinuka.
Redio ilisema nawa, kaa mbali, usishike uso.
Haikusema mtoto wa darasa la tatu
atasahau saba mara nane baada ya wiki ngapi.

Kule getini kwa mlima, kimya.
Wageni walikuwa wamerudi kwao na fimbo zao,
na wagumu, wanaume wa kilo ishirini mpaka Kibo,
walishinda barazani
wakigombana na kuku.

Mwalimu hakuwaandikia barua.
Alipanda kilima kwa miguu, barakoa ya kitenge usoni,
kitenge cha gauni alilovaa kipaimara cha bintiye,
akasimama kwenye masale, asivuke,
akaita: "Baba Elinami! Nina mzigo.
Malipo hauna."

Kilo nne na nusu: madaftari ya kaya kumi na tisa,
ndani ya mfuko wa mbolea, mvua isipenye.
Baba Elinami aliupima kwa mkono mmoja,
akacheka, mara ya kwanza tangu Machi:
"Huu hata mpishi angeubeba."
Akautwika kichwani hata hivyo.

Kesho yake wakawa wawili. Jumatatu, saba.
Wanaume ambao siku ya kikao cha wazazi
walimtuma mke, na mke akamtuma bibi,
sasa wamesimama kwenye masale ya watu
wanauliza: "Hili la sita mbona halijaisha?"
Wengine, usiku, kwa siri,
walilijaribu wenyewe.
Najua. Niliusahihisha ule mwandiko mzito,
uliotoboa karatasi.
Nikaweka vema. Sikusema.

Bibi Ndekusara alifundisha sehemu kwa mkungu wa mshare:
chane nane, nusu chane, robo,
mpaka jibu likaingia chunguni.

Mei, Mwalimu alimzika kaka yake kule Himo,
watu kumi tu kaburini, wa kumi na moja alibaki barabarani.
Asubuhi iliyofuata rimu halikulia.
Saa mbili kasoro robo.
Saa mbili.
Kisha likalia, na lililia vibaya:
kumi, ishirini, bila kituo,
mlio wa nyumba inayoungua.

Watu wakatoka na ndoo, na majembe,
Bibi Ndekusara na mwiko,
wakateremka wakiteleza mpaka uwanjani
wakamkuta Baba Elinami, nondo mkononi, anahema.
"Sikujua," akasema, "huwa zinapigwa ngapi."

Walisimama mita kwa mita
katika nyasi zilizofika magotini.
Hakuna darasa langu lililowahi kupanga mstari namna ile.
Nikahesabu, mazoea ya kazi: kaya mia na tatu.
Kikao cha Februari walikuja kumi na mmoja,
na wawili kati yao walikuwa wamepotea njia
wakienda kwa mtendaji.

Ndipo tukamwona anapanda, khanga nyeusi mabegani,
viatu vina udongo wa Himo bado.
"Nani anaungua?"
"Hakuna, Mwalimu."
Mtu mmoja akaweka ndoo chini, polepole,
kama imejaa.
"Tumefika tu."

Alitutazama, mmoja mmoja, kama anaita majina.
Kidevu kilitetemeka chini ya kitenge, au ni upepo.
Halafu akatazama nyasi.
"Na majembe mnayo," akasema.
"Haya."